Mkeka wa Masizi kule Molo

Bondeni, Nakuru
Julai 1957

Kwa dada yangu mkubwa, Mama Jerop,

Natangaza rasmi kwako wewe, na kwa ukoo wote uliobaki Torongo, na ikiwezekana karani wa kanisa asome Jumapili baada ya sadaka, kwamba baiskeli ya ndugu yako Micah arap Kosgei imepata kengele. Kengele ni mpya, inang'aa, na inalia. Sherehe ya kuifunga ilifanyika mbele ya nyumba yangu, ikahudhuriwa na mke wangu na kuku wawili. Mke wangu akatoa hotuba fupi, akasema sasa angalau watu wa Bondeni watapata nafasi ya kukimbia kabla sijawafikia. Kuku hawakuwa na la kuongeza.

Baada ya tangazo hilo zito, dada, nakuamkia. U hali gani? Goti lako la kushoto linasemaje na mvua hizi? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawachezea? Sisi hapa tu wazima. Mke wangu ana mafua kidogo lakini sauti haijaguswa. Mimi nimenenepa, na vijana wa karakana wananionya nisilale karibu na matairi, mteja asije akanilipia na kuondoka nami.

Najua umeshaanza kupumua kwa pua. Unasema Micah anazunguka tena, kama alivyokuwa akizunguka zizi alipotumwa kukamua. Haya, naingia. Ujumbe wako umenifikia kwa mdomo wa yule muuza kondoo, naye hakuupunguza hata neno moja. Amesema Jumamosi utashuka na shemeji zako wawili mpaka Molo, mumchukue Jerop na mtoto wake mrudi nao nyumbani, na mumewe Zeddy abaki shambani na trakta yake, aioe hiyo. Hapo pa kuoa trakta nilicheka, nisamehe. Lakini nilipomaliza kucheka nilianza kuhesabu siku zilizobaki, kwa sababu nakujua. Ukisema Jumamosi, ni Jumamosi. Na mwanamke akishatolewa kwa mumewe mbele ya shemeji wawili, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Muuza kondoo amesema umesikia mambo matatu. Kwamba mjukuu wako analazwa kwenye matandiko ya vifaranga. Kwamba baba yake aliyaiba matandiko hayo kwa mwajiri wake. Na kwamba baba huyo huyo, kwa uzembe, alimwunganisha mtoto na betri za trakta, nusura amchome. La kwanza ni kweli, na nitakueleza ili ulipende. La pili ni karibu kweli. La tatu ndilo lililonifanya ninunue bahasha.

Kazi yangu unaijua. Tairi likichakaa, tunalikwangua, tunalivika mpira mpya, tunalipika kwa mvuke mpaka vishikane, na lori linarudi barabarani likijidai ni kijana. Mwaka jana memsabu, yule Mzungu mwenye lile shamba la Molo anakofanya kazi Zeddy, aliunguliwa na kibanda cha vifaranga. Alikuwa akivipasha joto kwa taa za mafuta, taa moja ikaanguka. Asubuhi yake, alipokuwa amesimama kwenye majivu, Zeddy akamwambia kwamba mjomba wa mke wake kule Nakuru ni bingwa wa mpira, hakuna kitu cha mpira asichokiweza. Zeddy ana tabia hiyo ya kunisifu kwa watu wasionijua. Memsabu akaniita, akaniuliza kama naweza kumtengenezea mkeka wa mpira unaopata joto kwa betri, bila moto, maana alisikia kwao vitu hivyo vipo. Nikasema naweza. Halafu, kama kawaida yangu, nikaanza kufikiri.

Mpira wa tairi ni mweusi kwa sababu tunautia masizi. Masizi kidogo yanaupa nguvu, na hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote. Mpira huo haupitishi umeme hata ukiuomba kwa magoti. Lakini mwenye karakana, Bwana Gurdit, alikuwa amesoma mahali kwamba ukizidisha masizi, ukayatia mengi mpaka mpira wenyewe ulalamike, umeme unaanza kupenya, na unapopenya kwa shida unaacha joto njiani. Basi nikazidisha. Mchanganyiko ukawa mgumu, ukashika kwenye mashine kama ugali wa mke wangu siku akinikasirikia. Ili uteleze, nikayeyusha mishumaa nikatia nta yake humo ndani. Usiniulize kwa nini mishumaa. Ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilipoutoa mkeka wa kwanza kwenye mashine, ukiwa bado unafuka, niliufunga waya huku na huku, nikaunga betri na balbu ya lori ili nione kama umeme unapita. Balbu ikabaki nyeusi. Nikautupa kando na kwenda nyumbani na aibu yangu. Kesho yake asubuhi Bwana Gurdit akaupima mwenyewe, balbu ikawaka vizuri. Akanijia akiniuliza ni nani aliyenifundisha kufunga waya, kwamba hata ndama angefunga vizuri zaidi. Nikapima tena mbele yake, ikawaka. Tukaupika kidogo kuunyoosha, nikapima tena, balbu nyeusi. Sasa ikawa zamu yangu kumwambia yeye kwamba macho yake yanahitaji msaada. Tulibishana hivyo kwa siku mbili, watu wazima wawili, yeye akipima asubuhi kabla ya mvuke kuwashwa na mimi nikipima mkeka ukitoka motoni. Kila mmoja alimhesabu mwenzake kuwa mwongo. Mwishowe tukasimama pamoja mbele ya mkeka mmoja ulio moto, hakuna kuondoka, tukaungoja upoe. Balbu ikaanza kuamka, nyekundu, halafu manjano, halafu nyeupe. Tukaupasha tena, balbu ikasinzia. Bwana Gurdit akasema hatimaye tumepata mfanyakazi anayefanana nami, Micah: asubuhi yupo kazini, jua likipamba moto hayupo.

Nikueleze ni kwa nini, dada, maana jambo hili ndilo linalobeba barua yote. Unakumbuka kivuko cha mto Perkerra, tulivyokuwa tukiruka kutoka jiwe hadi jiwe, wewe ukinishika shati? Punje za masizi ndani ya mpira ni yale mawe. Umeme unaruka punje hadi punje. Mpira ukipata joto unavimba, na huu wangu wenye nta unavimba zaidi. Ukivimba, punje zinaachana. Ni kama mtu angeyasogeza yale mawe yote shubiri moja moja: jana ulivuka, leo mguu haufiki. Umeme ukikosa pa kukanyaga unapungua, na umeme ukipungua, joto nalo haliendelei kupanda. Mkeka ukipoa unasinyaa, mawe yanakaribiana, umeme unavuka tena.

Sisi tuliona ni kasoro. Bwana Gurdit alisema mteja anataka joto, nasi tunamuuzia kitu kinachozira pale pale kinapoanza kuwa na joto. Nikakubaliana naye. Nikampelekea memsabu mkeka huo kwa gari la moshi nikimwambia ni wa majaribio, nitamtengenezea mwingine usio mvivu. Vifaranga vyake havikuona uvivu wowote. Vilijilaza juu yake kama wazee kwenye jua.

Kasoro nyingine niliyoiona ni hii: mkeka ukiwa baridi una pupa. Unapounga betri asubuhi, unakunywa umeme kama ng'ombe waliotoka Baringo wakati wa kiangazi. Baada ya muda, ukishapata joto, unarudi kuonja onja tu. Kwa kuogopa hiyo pupa ya mwanzo niliweka fyuzi njiani, uzi mmoja mwembamba wa shaba nilioutoa kwenye waya wa simu uliotupwa. Kwa betri moja uzi unavumilia. Ukizidi hapo unakatika, na kila kitu kinazima. Uzi wa aina hiyo hawana kule Molo. Niliuchagua mimi, nikaukaza kwa mkono wangu.

Sasa mtoto. Unajua Jerop alikuwa amebakiza miezi miwili. Unajua pia mvua ya mwezi huu. Mtoto alikuja alfajiri bila kungoja mtu, ndiyo maana wamempa jina la Chepchirchir. Mkunga wa zahanati ya shamba alimpokea, akamfunika, akasema ukweli bila kuupaka sukari: mtoto ni mdogo mno, barabara ya kwenda Nakuru imekatika, hata stesheni haifikiki kwa gari, na kitu anachohitaji kuliko hata maziwa ni joto lisilokatika. Akakataza moto ndani ya nyumba, kwa sababu moshi na kifua cha ukubwa ule havipatani. Jerop akamweka kifuani. Lakini Jerop mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa uchovu, na Molo mwezi wa saba, dada, maji ya ndoo yanaamka na ngozi ya barafu juu.

Zeddy hakuuliza mtu. Alikwenda kwenye kibanda, akavihamisha vifaranga kwenye kikapu, akachukua mkeka na betri, akaja kuutandika chini ya blanketi la mtoto. Alipohakikisha mtoto amepata joto ndipo akaenda kwa memsabu akasema ameiba mkeka. Memsabu akamuuliza aliyeibiwa ni nani. Zeddy akamjibu ni yeye memsabu. Memsabu akamwambia mwizi halisi haji kuripoti kabla ya chai, akatoa amri vifaranga vitafutiwe kuku wa kuvilea kama dunia ilivyokusudia. Hilo ndilo la pili ulilosikia. Unaona nilivyosema ni karibu kweli.

Siku ya tatu nilipanda gari la moshi kwenda kumwona mjukuu wetu. Nilibeba sukari, sabuni, na shati la mtoto ambalo mke wangu alikuwa amelishona kwa kipimo cha mtoto wa kawaida. Tungeweza kuwavisha watatu kama yule. Nilipofika nilikuta watu mlangoni. Mkunga alikuwa amekuja kumwangalia mtoto, akaona kando ya kitanda betri mbili zimeungwa pamoja, moja nyuma ya nyingine, badala ya moja. Hakungoja maelezo. Alikuwa akimwambia Zeddy kwamba mtoto si injini. Kwamba kama akili zake zimebaki kwenye trakta aende akazichukue. Kwamba hata vifaranga vilipewa betri moja. Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wameweka madebe chini ili wasikie vizuri. Zeddy, matope mpaka kiunoni, maana alikuwa ametoka kulivuta lori la maziwa bondeni, alisimama kofia mkononi akikubali kila neno. Alisema ni yeye. Aliziunga zote mbili alipozileta kabla ya mapambazuko, ile ya usiku ilipokuwa imekwisha nguvu na mkeka umepoa. Alisema hakufikiri. Ni yale maneno aliyoyasema mlangoni ndiyo yaliyofika mpaka Torongo.

Nami nisikudanganye, niliwasukuma watu nikaingia. Betri mbili! Nilipiga magoti nikapeleka mkono chini ya blanketi, kando ya mkono wa Jerop aliyekuwa amemkumbatia mtoto, nikitegemea kukuta nisichotaka kukikuta. Mkeka ulikuwa na joto la kwapa. Mtoto alikuwa mwekundu, amefumba ngumi, amelala kwa dharau. Ule uvivu niliokuwa nimeuombea msamaha kwa memsabu ndio uliokuwa umefanya kazi. Umeme ulikuja kwa nguvu maradufu, mpira ukavimba kidogo zaidi, punje zikaachana, njia ikazibika, na joto likabaki pale pale. Mkeka ambao ningejivunia, ule usio mvivu, ungetuachia msiba. Nilitoa betri ya pili, nikatoka nje, nikakaa juu ya debe la mtu.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la fyuzi. Niliikagua kwa sababu ni kazi yangu kukagua, sikuwa na shaka na mtu. Ule uzi wa shaba ulikuwa mzima, ule ule, na kifundo changu. Nikauangalia tena. Kama Zeddy angeunga betri mbili kwa mpigo mkeka ukiwa baridi, kama alivyosema mbele ya watu wote, pupa ile ya mwanzo ingeukata uzi kabla hajaondoa mkono. Uzi ungeweza kupona kwa namna moja tu: betri moja iungwe kwanza, mkeka upate joto na kutulia, na ya pili iongezwe baadaye sana, mkeka ukiwa tayari umevimba na kukaza mlango. Na baadaye sana, Zeddy alikuwa bondeni na lori la maziwa. Shamba zima lilikuwa likimwona.

Nilimpeleka nyuma ya zizi. Nikamwambia nina habari mbaya, mpira wangu umekataa kumsaidia kwenye ushahidi wake. Alijaribu kunicheka, akasema mjomba, siku hizi unaongea na mipira. Nikamweleza habari ya uzi. Akakwangua matope kwenye buti zake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba shamba lote linaweza kumtukana leo, na kesho litamhitaji kuvuta lori na kumwita Zeddy tena, yeye haimpunguzii chochote. Lakini mwanamke aliyezaa juzi, akisimamishwa mbele ya majirani akaambiwa alitaka kumchoma mwanawe, atalia, na akilia maziwa yatakauka, na mtoto yule hana kingine chochote duniani ila maziwa na ule mkeka. Akaniomba nimwache na makosa yake. Aliyaita hivyo, makosa yake. Nami nikamwacha nayo, mpaka uliposema Jumamosi.

Ujumbe wako ulipofika nilipanda tena gari la moshi, nikamwambia Jerop peke yake kwamba mama yake anakuja kumtoa kwa mumewe, na kwa sababu gani. Nilikuwa sijamgusia uzi. Alimnyonyesha mtoto mpaka akamaliza, akamfunika, ndipo akaniambia nikae. Akanieleza mwenyewe, na akanituma nikuandikie kama alivyosema, nisipunguze kwa sababu yeye ni mwanao wala nisiongeze kwa sababu mimi ni mimi. Zeddy hajui kwamba nakuandikia. Yeye mwenyewe hawezi kukuandikia kujitetea kwa mama mkwe wake, heshima haimruhusu, nawe ungemdharau kama angefanya hivyo. Lakini mimi ni mjomba, na mjomba ana nafasi yake ya kusema. Basi sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Zeddy alikuja na betri mbili gizani. Aliunga moja, akaiacha nyingine karibu na mlango kwa zamu ya jioni, akaweka mkono chini ya mtoto mpaka akasikia joto linarudi, akaenda kazini. Jerop alisinzia. Alipoamka kulikuwa kumeanza kupambazuka, ndiyo saa ya baridi kali kuliko zote, na mtoto alikuwa kimya. Akamgusa mguu. Mguu ulikuwa kama jiwe la mtoni. Sasa tunajua ulikuwa umetoka nje ya blanketi, mguu mmoja tu, mtoto mwenyewe alikuwa salama. Lakini mama mwenye siku tatu, peke yake, anayegusa mguu wa baridi, haanzi kuhesabu blanketi. Aliona mtoto wake anazima.

Na kila siku ya baridi tangu aolewe, dada, Jerop amesimama mlangoni akitazama trakta ikikataa kuamka. Kule shambani dawa yao ni moja: wanaleta betri ya pili, wanaiunga nyuma ya ile ya kwanza, trakta inakohoa na kuamka. Wanaita kuiongezea uji. Hata watoto wa pale wanajua kufanya. Jerop akaona mwanawe amepoa na haamki, akaona betri ya pili mlangoni. Akamwongezea uji. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefikiria hivyo, ila mke wa dereva wa trakta wa Molo.

Alipokwisha kuunga aliogopa. Alisema alijua mkeka ule una moto asioujua, na hakutaka kuitoa betri kwa kuogopa baridi, wala kuiacha kwa kuogopa kumchoma. Basi akapitisha mkono wake chini ya mtoto, kiganja kikalala juu ya mpira na mtoto akalala juu ya mkono, ili kama ni kuungua aungue yeye kwanza, apate kujua. Alikaa hivyo, ameinama, hajasogea, jua likatoka, mkunga akabisha hodi. Mkono ulikuwa umekufa ganzi kiasi kwamba hakuweza kuutoa, na kwa sababu hiyo hata mkunga alidhani anambembeleza tu mtoto. Mkeka ulipanda kidogo ukatulia. Haukumchoma hata ukucha. Mkunga alipoanza kupiga kelele, Jerop alifungua mdomo aseme, na Zeddy alikuwa ndio anaingia. Aliziona betri, akauona mkono wa mkewe ulipo, akaelewa yote kabla hajavuka kizingiti, akasema ni mimi.

Basi, hicho ndicho kilichotokea. Hapana mzembe katika nyumba ile. Kuna mwanamke aliyeweka mkono wake, na kuna mwanamume aliyeweka jina lake, kila mmoja chini ya mwenzake. Jerop amesema atamwambia mkunga mwenyewe, mbele ya wale wale wenye madebe, akishapata nguvu ya kusimama, na maziwa yake hayajambo. Mtoto ameongezeka. Memsabu amempima kwenye mizani ya siagi.

Jumamosi njoo. Sikuzuii, na nikikuzuia hutanisikia. Shemeji waache wachunge. Shuka wewe peke yako na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, na lile blanketi zito la baba, nitakungoja stesheni ya Molo. Ukifika, msalimu mkweo kabla hujamshika mtoto. Usimweleze kitu. Msalimu tu kwanza, yeye ataelewa kwamba unajua.

Mke wangu anakusalimu kwa sauti yake yote, nawe unaijua. Bwana Gurdit anakusalimu pia, ingawa hakujui. Anataka nimwambie mama mwenye mjukuu kwamba amebadilisha mawazo kuhusu wafanyakazi wavivu. Wasalimu wote wa hapo nyumbani, na goti lako ulifunike.

Ndugu yako mdogo, mnene, mwenye kukupenda,

Micah arap Kosgei